Jinsi ya kumsoma profesa wa uuguzi wa saratani, na jinsi ya kuanza njia yako ukiwa bado unaingia zamu

Kila mwaka ikifika miezi ya kuomba masta napokea meseji za namna moja. "Sista, nimepata supavaiza wa uuguzi wa saratani, nimemtafuta mtandaoni nimekuta namba namba tu, h-indeksi sijui ngapi, nitajuaje kama huyu ni mtafiti kweli au ana makaratasi mengi tu?" Baada ya wiki mbili anarudi yule yule na swali lingine, "Na mimi nesi wa wodini nisiye na mtu, naanzia wapi?" Zamani nilikuwa nayajibu mbali mbali, siku hizi nayajibu kwa mkupuo mmoja manake nimeona ukishajua kumsoma mtafiti mmoja toka alipoanza mpaka alipoishia, hilo la naanzia wapi linapungua ugumu lenyewe. Kwa hiyo tafuta daftari, bando la nusu giga linatosha, tuanze.

Chagua mtu mmoja, na awe ameshamaliza kazi

Usianze na profesa anayekufundisha sasa hivi, utamwonea aibu au utampendelea. Anza na mtu ambaye safari yake imeshafika mwisho ili uione yote. Mimi huwa nawapa Ruth McCorkle, Mmarekani, aliwahi kuwa nesi wa jeshi la anga kipindi cha vita vya Vietnam, na mpaka anafariki mwaka 2019 alikuwa na jina kubwa sana Chuo Kikuu cha Yale kwenye uuguzi wa saratani. Si kwamba yeye ndo bora kuliko wote, ila kazi zake zinafuatana vizuri, unaziona kama nyayo kwenye mchanga.

Ingia PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure, tafuta kazi zake kisha panga kwa mwaka, za zamani zije juu. Hapa ndo wengi wanateleza, wanaenda Google Scholar wanaacha zimepangwa kwa wingi wa kunukuliwa, matokeo yake unaona matunda tu bila kuuona mti ulivyokua. Halafu chora safu tatu kwenye daftari: mwaka, swali aliloliuliza, na mgonjwa ni nani. Usiandike kichwa cha habari kama kilivyo, andika swali kwa maneno yako ya kawaida, ukishindwa kuliandika kwa maneno ya kawaida basi hujaielewa hiyo kazi na hakuna aibu, rudia muhtasari wake.

Kwa McCorkle daftari langu linasoma hivi. 1974, jarida la Nursing Research: nesi akimgusa mgonjwa aliye hoi, mgonjwa anaitikiaje? Ndo hivyo tu, mguso. Ukimsikia mtu anasema hili swali ni dogo mno kwa utafiti mkumbushe hapo. 1978, akiwa na Katherine Young, kwenye jarida la Cancer Nursing ambalo lenyewe lilikuwa ndo limeanza mwaka huo huo: tutapimaje kiasi dalili zinavyomsumbua mgonjwa, kwa kumuuliza yeye mwenyewe? Ndo kikazaliwa kile kipimo cha Symptom Distress Scale, dalili 10 mwanzoni, baadaye vikawa vipengele 13, mgonjwa anajipa alama kuanzia 1 mpaka 5. 1989, jarida la Cancer: wagonjwa 166 wenye saratani ya mapafu wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu, wengine manesi wa saratani wanawafuata nyumbani, wengine wanapata huduma ya nyumbani ya kawaida, wengine wanaenda kwa daktari tu kama desturi, na kipimo kilichotumika ndo kile kile alichokitengeneza miaka 11 nyuma. Waliofuatwa nyumbani, makundi yote mawili, walikaa kama wiki sita zaidi kabla dalili hazijaanza kuwasumbua sana.

Sasa angalia kitu kinachonifurahisha kwenye hiyo ya 1989. Hao hao waliofuatwa nyumbani, walipoulizwa wanaionaje afya yao kwa ujumla, kadri siku zilivyoenda walikuwa wanasema inazidi kuwa mbaya. Yaani dalili zinawasumbua kidogo ila wao wanajiona wagonjwa zaidi. Mwingine angelificha hilo, wao wakaliweka wazi kwenye muhtasari kabisa. Mimi nalisoma hivi, na haya ni mawazo yangu: nesi akija nyumbani anaongea na wewe ukweli, unajua uko wapi, ukijua uko wapi hujidanganyi. Ukitaka kujua mtafiti ni mkweli, tafuta sehemu aliyoandika tokeo ambalo halimsaidii.

Tuendelee. 1998, anawageukia wajane na wagane: mgonjwa akiwa amepata uuguzi wa nyumbani kabla hajafa, aliyebaki anapungukiwa na msongo? 2000, jarida la madaktari wa wazee, wagonjwa 375 wenye miaka 60 na kuendelea waliotoka kufanyiwa upasuaji wa saratani. Kundi moja lilipata nesi bingwa kwa wiki nne, ziara tatu za nyumbani na simu tano, basi. Kwa wale ambao saratani ilikuwa imeshafika hatua za mbele, baada ya miaka miwili waliokuwa hai kundi la nesi ni asilimia 67, kundi la kawaida asilimia 40. Kwa wale wa hatua za mwanzo tofauti haikuwepo. Ziara tatu na simu tano! Mimi nilivyoisoma mara ya kwanza nilitoka nje ya maktaba nikakae kidogo, manake wodini kwetu simu ya ofisi ilikuwa na muda wa maongezi unaoisha tarehe tano.

Ukimaliza safu zako tatu, funika zile mbili za pembeni usome safu ya swali peke yake kutoka juu mpaka chini. Mguso, usumbufu, nyumbani, aliyebaki, uhai. Ni swali moja linakua: nesi akimsogelea mgonjwa wa saratani, kinabadilika nini? Miaka zaidi ya arobaini. Sasa fanya hivyo hivyo kwa supavaiza wako mtarajiwa. Kama safu ya maswali inasomeka kama soko la Kariakoo siku ya sikukuu, leo vidonda, kesho usafi wa mikono, keshokutwa maoni ya wanafunzi kuhusu somo la takwimu, basi huyo anafuata hela za miradi zinapoelekea. Sio dhambi, watu wana familia, lakini wewe jua.

Namba zake zisomeje

H-indeksi aliianzisha mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, mwaka 2005, na hesabu yake hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Panga kazi za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme ni 40, 22, 9, 6, 5, 3, 1. Teremka ukihesabu: ya kwanza ina angalau 1, ya pili ina angalau 2, unaenda mpaka ya tano ina 5, sawa, ya sita ina 3 tu, haifiki 6, unasimama. H-indeksi yake ni 5. Kuna na i10 ambayo ni ya Google Scholar, idadi ya kazi zilizonukuliwa mara 10 au zaidi, hapo ni mbili.

Ukielewa hesabu unaona na ubovu wake. Ile ya 40 ingekuwa 4,000 bado h ni 5. Mtu aliyetengeneza kipimo kimoja kinachotumika dunia nzima anaweza kuonekana sawa na mtu aliyeandika makala tano za kawaida. Na haishuki kamwe, kwa hiyo mzee aliyeacha kazi bado anampita kijana anayechapa kazi usiku. Na namba inategemea umeiangalia wapi, Google Scholar karibu siku zote itakuwa juu kuliko Scopus, ile hazina ya makala ya kulipia, sababu Google Scholar inahesabu mpaka tasnifu na vitabu na vitu vilivyopandishwa tu mtandaoni, kwa hiyo usimlinganishe mtu wa Google Scholar na mtu wa Scopus, ni kupima mmoja na viatu mwingine peku.

Kingine, usimlinganishe nesi na mtu wa maabara. Watu wa jeni na dawa mpya wako wengi, wanaandika haraka, wananukuliana haraka. Sisi tuko wachache na wanaosoma kazi zetu wengi wako wodini, hawaandiki makala, wanabadilisha tu jinsi wanavyomlaza mgonjwa na hiyo haiingii kwenye kompyuta ya mtu. Hata impakti fakta ya jarida, yaani wastani wa makala zake zinavyonukuliwa, kwa kawaida inaangalia manukuu ya kazi za miaka miwili tu iliyopita, na kipimo cha 1978 bado kinatumika miongo baadaye. Ndo maana kuna tamko linaitwa DORA, lilianzia San Francisco mwaka 2012, linaviambia vyuo na wafadhili waache kumpima mtu kwa impakti fakta ya jarida alilochapia. Ukiwa kwenye intavyuu ya kazi wakakuuliza kuhusu namba zako, litaje, ila litaje kwa upole.

Angalia na vitu ambavyo namba hazivioni. Kuna jaribio la Uingereza lililotoka kwenye BMJ mwaka 1999, Mary Bredin, Jessica Corner na wenzao, wagonjwa wa saratani ya mapafu wanaobanwa na pumzi, manesi wakawafundisha jinsi ya kupumua, jinsi ya kupanga shughuli ili wasichoke, na wakakaa nao kuongelea hofu yenyewe. Hakuna dawa mpya hapo. Corner alishakuwa profesa wa uuguzi wa saratani, baadaye akapanda mpaka kuongoza Research England, chombo kinachogawa hela za utafiti kwa vyuo vya Uingereza. Au tuje jirani, Uganda mwaka 2004 sheria iliwaruhusu manesi na maofisa tabibu waliosomea huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kuandika mofini ya kunywa. Utafute hiyo kwenye Scopus uone kama inakupa h-indeksi ya mtu. Lakini muulize mgonjwa wa kijijini aliyelala usiku mzima bila kulia.

Kipimo, hapa tukae kidogo

Mtu anayetaka kuanza na hana hela, ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta kipimo kizuri kilichopo, kiombee ruhusa kwa mwenyewe, kilete kwenye Kiswahili cha wagonjwa wako. Kazi hiyo haina mashine, haina maabara, na ukiifanya vizuri kila anayekuja nyuma yako atapita mlangoni kwako. Ila ni ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Mimi kwenye masta yangu nilichukua dodoso la dalili nikatafsiri na rafiki yangu jioni mbili, tukajiona wajanja. Siku ya kwanza ya kulijaribu nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa kwenye mzunguko wa tatu wa kemo, je, unahisi uchovu? Akaniangalia. "Sijachoka mwanangu, nimelala tangu asubuhi, nitachokaje?" Nikaandika sifuri. Nageuka kidogo tu namsikia anamwambia mwenzie wa kitanda cha pili, mwili umelegea kama si wangu, hata kunyanyua kikombe. Ndo huo uchovu wenyewe niliokuwa nautafuta na nimeshauandikia sifuri! Kwake uchovu ni wa kazi, unatoka shamba umechoka. Wa kemo ni kulegea, ni mwili kukosa nguvu. Neno lingine lilikuwa sonona, limo kwenye vitabu vyote vya afya ya akili, nikamuuliza bibi mmoja akaniuliza hiyo sonona ndo dawa gani, ya kunywa au ya dripu. Wao wanasema mawazo. "Nina mawazo sana." Halafu hapo una tatizo jipya sababu mawazo ya kukosa nauli ya kurudi Mtwara na mawazo ya kuona hakuna sababu ya kuamka, yote ni mawazo.

Kwa hiyo fuata utaratibu hata kama unachosha. Watu wawili watafsiri kila mtu kivyake, mmoja awe nesi na mwingine asiwe mtu wa afya kabisa. Kaeni mlinganishe. Watu wengine wawili ambao hawajaona la Kiingereza walirudishe kwenye Kiingereza, hapo ndo utaona maajabu, kichefuchefu kimerudi kama kutapika. Kamati ndogo iamue. Kisha kaa na wagonjwa kama kumi, usiwaulize tu jibu, waulize "hilo swali umelielewaje, nirudie kwa maneno yako". Andika wanachosema neno kwa neno. Baada ya hapo ndo unaenda kwenye takwimu za uthabiti na mambo mengine, tafuta mtu wa takwimu mapema, usimletee data zimeshaoza.

Na ile 1 mpaka 5, wagonjwa wengi hasa wazee namba haiwaingii. Kipimo cha APCA African POS, kilichotengenezwa na chama cha huduma shufaa cha Afrika na wenzao, kinatumia mkono. Ukiuliza maumivu, ngumi ni sifuri, vidole vitano vyote ndo mwisho wa mabaya. Mgonjwa ananyanyua vidole vitatu hata kama hana nguvu ya kuongea. Jambo hilo tu linakufundisha kubuni kuliko kurasa mia za kitabu.

Sasa wewe

Anza na daftari la zamu. Sio la hospitali, la kwako, na usiandike majina ya wagonjwa wala namba za mafaili humo, kamwe. Andika kitu kinachojirudia na kukukera. Kwa mfano kinamama wengi kwetu Tanzania ni saratani ya mlango wa kizazi, ndo inayoongoza kwa wanawake, wanatoka mikoani wanafika Ocean Road pale ufukweni Dar kwa mionzi, wanakaa wiki na wiki mbali na nyumbani. Ukifanya kazi kwenye hiyo njia yao popote pale, utaona mambo ambayo profesa wa Ulaya hawezi kuyaona. Siku ya ngapi kichefuchefu kinazidi? Nani anaacha njiani? Anayeacha, aliaga nani? Ukiandika miezi mitatu, swali litakuja lenyewe na litakuwa na mwili. Mfano mmoja ulitoka kwa mwanafunzi niliyemsaidia: mama akirudi nyumbani baada ya kemo, tukimpigia simu siku ile ambayo dalili ndo huwa mbaya, anarudi mzunguko unaofuata? Unaona, hapo kuna harufu ya zile simu tano za McCorkle, na kuna harufu ya Marie Bakitas pia, nesi mwingine wa Marekani, jaribio lake la ENABLE II lilitoka JAMA mwaka 2009, wagonjwa 322 wa vijijini wengi wao, nesi anawafundisha na kuwafuatilia kwa simu. Ubora wa maisha na hali ya moyo vikapanda, ukali wa dalili wenyewe haukupungua sana. Ukiandika andiko lako la utafiti ukataja zote mbili, msomaji anajua unajua unasimama juu ya mabega ya nani.

Makala zenyewe utazipataje wakati jarida linadai dola? Uliza maktaba ya chuo au hospitali kama ina Hinari, mpango wa WHO toka 2002, taasisi za nchi zetu zinaingia bure au kwa bei ndogo. Wengi wanayo na hawajui, nywila imebandikwa nyuma ya mlango wa mkutubi. Ikishindikana mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya heshima umwombe kopi, wengi wanatuma siku hiyo hiyo na wanafurahi kweli. Kuhifadhi marejeo tumia Zotero, ni bure, itakuokoa usiku wa mwisho.

Kibali. Kamati ya maadili ya chuo au hospitali yako kwanza, kisha ngazi ya taifa kama inahitajika, Tanzania ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kenya utakutana na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Weka miezi, sio wiki. Kwa mgonjwa asiyejua kusoma andaa utaratibu wa dole gumba na shahidi ambaye si mfanyakazi mwenzio, na msomee ridhaa kwa lugha yake, usimharakishe sababu foleni ya kemo inakusubiri.

Jina lako. Hili wasichana zangu nalisema kila mara na kila mara halisikilizwi. Fungua ORCID leo, bure, dakika kumi, ni namba ya tarakimu 16 inayokufuata maisha yote. Sisi majina yetu ni vurugu, leo jina la baba lipo mwisho, kesho limekuja mbele, ukiolewa limebadilika, jarida moja limeweka herufi mbili lingine limeweka jina la babu, na mtandao unadhani ninyi ni watu watatu, kazi zenu zinagawanywa, h-indeksi yenu kila mmoja moja. Chagua namna moja ya kuandika jina usiiache hata ukiolewa na nani.

Jina kwenye makala ya watu ni jambo lingine na hapa nina kidonda. Nilikusanya data za mradi mmoja miezi saba, zamu na mradi, zamu na mradi, makala ilipotoka jina langu lilikuwa kwenye shukrani, na limekosewa herufi. Nililia, halafu nikaja kusoma vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vya nani ni mwandishi na nikagundua kwamba kwa vile sikushiriki kuandika wala kupitia rasimu sikuwa nimevitimiza vyote. Vigezo ni vinne na unatakiwa uvitimize vyote: mchango wa maana kwenye wazo au data au uchambuzi, kuandika au kuhariri kwa uzito, kuikubali ile ya mwisho, na kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ya mradi, kabla hujagusa dodoso, uliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Profesa, naomba nishiriki na kuandika, nipewe sehemu gani?" Akikubali, mtumie barua pepe ya kumshukuru kwa kukubali, hiyo ndo kumbukumbu yako. Akikunja uso, umeshajua mapema.

Jarida. Cancer Nursing, European Journal of Oncology Nursing, Oncology Nursing Forum, haya ni ya kwetu manesi wa saratani. Ecancermedicalscience inapokea sana kazi za Afrika na mwandishi anachangia anachoweza. Majarida mengi makubwa yanasamehe ada kwa nchi za kipato cha chini ila lazima uombe wakati wa kutuma, ukisubiri makala ikubaliwe ndo useme huna hela unajitafutia presha. Na wale wanaokuandikia usiku wa manane wanakuita profesa mashuhuri wakati cheti cha masta bado hujakichukua, wanaahidi kuchapa ndani ya siku tano, futa. Kama una wasiwasi angalia kama jarida limo DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomeka bure, soma majina ya wahariri, mwandikie mmoja umuulize kama anajua kuwa yeye ni mhariri pale. Niliwahi kufanya hivyo, akanijibu hajui.

Wakirudisha maoni ya wapitiaji usijibu siku hiyo. Lala. Kesho yake tengeneza jedwali, kushoto maoni yao neno kwa neno, kulia jibu lako na ukurasa uliobadilisha. Hata yale ya kijinga yajibu, "asante, tumefafanua". Mpitiaji wa pili ndo huwa mkorofi, sijui kwa nini, hiyo haijafanyiwa utafiti.

Ikishatoka, kabla hujaweka kwenye profaili na kualika watu wakunukuu, irudishe wodini. Chukua tokeo moja, uliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja kwa Kiswahili, nini kifanyike, siku gani, na nani. Sisi letu lilisema mgonjwa apigiwe siku ya tatu baada ya kemo, nesi wa zamu ya mchana, maswali manne, na chini tumechora ngumi na vidole. Limebandikwa ukutani juu ya simu. Lina mwaka wa pili sasa, kona moja imeng'oka, mtu kaandika namba ya fundi bomba pembeni, na kwenye lile daftari la simu jana kulikuwa na majina sita yamewekewa tiki.